Chupa ya Bwana Endelevu

Mtaani walimwita Bwana Endelevu kwa sababu hakumaliza sentensi bila neno hilo. Ofisi yake ya ushauri wa afya ya jamii na mazingira ilikuwa na meza, mche wa plastiki na mhuri, na kati ya hivyo ni mhuri tu uliofanya kazi. Siku kijito cha chini ya daraja kilipogeuka zambarau, wapita njia waliziba pua. Yeye aliuliza kiwanda ni cha nani.

Kilikuwa kiwanda cha rangi za vitambaa, na mwenye kiwanda maji yalikuwa yamemfika shingoni. Wanunuzi wake walitaka cheti kwamba kijito hakimdhuru mtu; asipokipata, itabidi ajenge mabwawa ya kuchujia. Bwana Endelevu alimtuliza. Mabwawa ni mwaka mzima, alisema, cheti ni wiki moja. Kiwanda kizimwe siku tatu, kijito kirudiwe na rangi yake ya kuzaliwa, kisha yeye mwenyewe atakunywa maji yake mbele ya wanunuzi. Tajiri nusura ambusu mkono. Kwamba maji hayo yangetoka dukani, hakuambiwa, maana muujiza hulipiwa vizuri kuliko hila.

Ilibaki kupata jamii, na jamii ionekane imevaa sare. Akamwendea nesi wa zahanati ya karibu na daraja, akiruka miguu ya watoto waliojaa kwenye benchi na vidonda vyao. Alimwahidi kupaka zahanati rangi. Kazi yake iwe kukaa mbele na kutikisa kichwa. Nesi alikubali upesi hata Bwana Endelevu akamwonea huruma. Mwaka mzima alikuwa amewafunga watoto wale bandeji, na alijua cheti kikitoka ataendelea kuwafunga.

Asubuhi ya mkutano, akipita nyuma ya ukumbi, nesi alimwona Bwana Endelevu akihamisha maji ya dukani kwenye chupa iliyoandikwa "Kijito". Akaenda kutandika kitambaa cha meza.

Bwana Endelevu alihutubia kuhusu mito endelevu, matumbo endelevu na faida endelevu. Kisha akanyoosha mkono kwenye glasi. Nesi aliinama kummiminia, akamnong'oneza:

"Pole, kaka. Nimekuta umejaza maji ya dukani kwa makosa. Nimeyamwaga, nikakuchotea ya kijito, pale pale bomba la kiwanda linapotokea. Nisingependa uaibike."

Glasi iliishia kidevuni. Maji yalikuwa safi kwa macho, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Alikumbuka kuwa amefunga, kisha kuwa ana jino bovu, mwishowe akatangaza kuwa heshima hiyo ni ya mwenye kiwanda, akamsogezea glasi.

"Mimi?" tajiri alisema. "Mimi nina watoto."

Mama mmoja mwenye miwani, mkubwa wa wanunuzi, alifunga faili lake. Hawatanunua hata kipande cha kitambaa, alisema, mpaka mabwawa yajengwe na yeye ayaone kwa macho yake. Bwana Endelevu hakungoja kusikia zaidi. Aliingia mitini kwa mlango wa nyuma, akasahau mhuri mezani.

Ukumbi ulipokuwa mtupu, nesi alichukua glasi ile akainywa yote, akamimina nyingine. Hakuwa amebadilisha chochote, na siku hiyo kulikuwa na joto.