Pamba ya Kocha Marselino

Jumatatu, 4 Julai 1983

Siku ya tatu nikiwa kocha wa mpira wa pete wa akina mama wa kijiji chetu. Wengine waliikataa kazi. Mimi niliidaka. Mwenyekiti wa kijiji amesema Jumamosi tukiwafunga Ushetu, mimi ndiye Katibu wa Michezo. Filimbi yangu mwenyewe, na kukaa mbele kwenye lori, ubavuni mwa dereva. Tukifungwa, anapewa Donatus, aliyerudi juzi kutoka machimboni Geita na miwani ya jua. Anaivaa hata kanisani.

Mazoezi mabaya. Anisia fundi cherehani, mfungaji wetu, hakuruka hata mara moja. Nikamwuliza mbele ya wote ana nini. Dada yangu Melania, ambaye ndiye nahodha, akaninong'oneza kwamba mwenzao yuko mwezini. Mimi niliacha shule darasa la tano, mambo hayo nadhani yako la sita. Nikatangaza sheria hapo hapo: aliye mwezini hakimbii, asije akazimia akanichafulia jina. Lukresia akauliza siku hizo nani huwatekea maji na kuwalimia, au huwa anakuja kocha. Wakacheka wote. Kocha hajibizani.

Jumanne, 5 Julai

Melania amenieleza wakati anasonga ugali. Akishika mwiko, husikilizwa. Anasema kukimbia hakumdhuru Anisia, tena kukimbia polepole humpunguzia maumivu ya tumbo na kiuno. Shida ni kitambaa. Khanga hazionekani dukani mwaka wa pili huu. Kilichobaki ni kipande cha shuka kigumu, kinamchubua mapaja na kuteleza akiruka. Kucheza anataka sana. Anaogopa aibu tu.

Alisema na mengine, mambo ya sabuni na jua. Sikuyafuata, nilikuwa nimeshapata jibu. Kitu laini? Mkoa mzima unavuna pamba. Kwetu imejaa hadi uvunguni mwa kitanda changu. Na watu waliomaliza la saba hawakuliona hilo.

Jumatano, 6 Julai

Asubuhi nimeshona kifaa. Pamba ya mama nusu kikapu, ndani ya mkono wa shati langu la kipaimara, kamba ya katani kila upande. Ukubwa kama mto wa kulalia mtoto. Nikaona si haki kumpa mtu kitu ambacho sijakijaribu. Nikakivaa ndani ya bukta, nikatoka mbio kuelekea misheni.

Baada ya hatua mia nikakumbuka kwamba pamba ya shambani ina mbegu. Zote zilikuwamo. Ni kama kukalia kokoto zinazotembea. Nikavumilia kwa ajili ya sayansi.

Karibu na duka la ushirika, mbuzi wa Mzee Jilala wakainua vichwa. Nilikuwa sijui mbuzi anazipenda mbegu za pamba kiasi hicho. Nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza. Beberu akaudaka mwisho wa kamba, akavuta. Foleni ya sukari ikavunjika, watu wakaja kutazama. Nikamwamkia Mzee Jilala shikamoo, nimeshika bukta kwa mikono miwili. Akaitika marahaba, ng'wanawane, yaani mwanangu kwa Kisukuma, kisha akauliza kwa upole kwa nini chakula cha mifugo nimekificha mahali pale.

Donatus alikuwepo. Alivua miwani ili aone vizuri.

Alhamisi, 7 Julai

Nesi Bernadina ameiita timu nzima zahanati. Mimi niliambiwa nibaki nje, nikasimama dirishani. Kwanza alicheka mpaka akaomba maji. Kisha akaanza. Kitambaa kiwe cha pamba, kikuukuu, laini, kikunjwe vizuri. Kifuliwe kwa sabuni, kianikwe juani, wasikifiche uvunguni kikiwa kibichi kwa kuona haya. Kibadilishwe mapema. Chupi inayobana, bukta nyeusi juu yake. Tumbo likiuma, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Mtu akimbie kadiri anavyojisikia, na anayeumia kupita kawaida au kutoka damu nyingi mno aje kwake.

Apolonia akatoa khanga yake ya harusi, imechakaa hadi imekuwa laini kama sikio la sungura. Wakaikata, wakagawana. Anisia akashona mikanda ya lastiki. Nikaingiza kichwa kuwakumbusha kwamba pamba yangu ikitolewa mbegu bado ina nafasi. Dirisha likafungwa. Sikio la kushoto linauma.

Jumamosi, 9 Julai

Mechi. Sheria ni sheria. Nilimweka Anisia benchi, nikampanga Lukresia, mrefu kama mlingoti lakini pete haioni. Mapumziko: Ushetu saba, sisi mawili. Donatus akanipigia makofi.

Anisia akaja amevaa bukta nyeusi, amejinyoosha viungo, tayari. Hakuomba ruhusa. Alisema, "Marselino, kaa pale nilipokuwa nimekaa. Nimekupashia moto." Nikakaa. Nilitaka kukataa, ila timu nzima ilikuwa inanitazama.

Amefunga tisa. Aliruka kama mtu asiye na habari na lolote. Tumeshinda kumi na moja kwa kumi. Aliyetoka uwanjani akishika tumbo ni mimi.

Jumapili, 10 Julai

Baada ya misa Mwenyekiti ametangaza Katibu wa Michezo. Ni Anisia. Mimi nimepewa ndoo ya maji ya wachezaji. Alinikabidhi mwenyewe, filimbi shingoni, akasema siku nyingine niulize kwanza, halafu ninyamaze mpaka nijibiwe. Maneno ya busara. Nilimshukuru.

Nikaenda nyumbani, nikachukua kalamu, nikaanza kutunga kitabu cha mazoezi kwa wanawake walio mwezini. Mpaka sasa sura tatu zimekwisha. Sijamwuliza mwanamke yeyote, wasije wakanivuruga.