Fainali za Septemba Ziletwe Julai

Kanamkemer, Lodwar
Jumamosi, 22 Juni 2013

Kwa Mwalimu Jerusha,
Mwenyekiti, Ligi ya Mpira wa Kiaustralia,
Lodwar.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: OMBI LA KUSOGEZA FAINALI KABLA SIJAFA

Ejok, kama tunavyosalimiana Waturkana. Natumaini barua hii imekukuta u mzima, maana kati yetu sisi wawili ni lazima mmoja awe mzima ndipo jambo hili litekelezwe.

Mimi ni Gabriel Ekaale, mkaguzi wa shule mstaafu. Ni yule yule aliyeketi nyuma ya darasa lako ulipokuja kwetu kutoka Kakamega ukiwa mwalimu mgeni, nikaandika kwamba sauti yako inasikika hadi kwenye ua wa jirani. Wakati ule nililalamika. Leo naiomba sauti hiyo inisaidie.

Nitasema jambo lenyewe waziwazi. Moyo wangu umechoka. Wiki iliyopita nilimuuliza daktari kama nitaifikia Septemba. Akaniuliza, "Septemba kuna nini, mzee?" Nikamwambia kuna fainali. Akasema, "Za nchi gani?" Nikamwambia za hapa hapa, nyuma ya nyumba yangu. Akatazama miguu yangu iliyovimba, akasema, "Tupange mpaka Julai kwanza."

Timu yangu ni Mawe wa Lodwar. Ligi ina timu sita, tumefika katikati ya msimu, na timu nne za juu ndizo zitakazoingia fainali. Sisi ni wa tano. Tumelingana ushindi na Katilu walio wa nne, ila wao wanatuzidi kwa mabao. Kwa maneno mengine, kati yangu na furaha kuna Katilu, kuna Agosti, na kuna kamati yako. Katilu nimewaachia wachezaji. Agosti nimemwachia Mungu. Kamati ndiyo naiandikia.

Kabla sijaorodhesha malalamiko, naomba niungame. Katika kazi yangu yote niliamini kwamba mpira ni kitu wanachopewa watoto ili mwalimu apate nafasi ya kunywa chai. Kisha mwaka jana akaja Bwana Morgan, Mwaustralia wa visima, na mpira wake wenye umbo la kibuyu kisicho na shingo. Nikauona ukidunda mara ya kwanza. Uliruka kulia, ukabadili nia, ukamfuata mbuzi. Nilicheka hadi nikakaa chini. Tangu siku hiyo, Mwenyekiti, sijatulia. Padre alipokuja kunipaka mafuta ya wagonjwa aliniuliza kama kuna jambo linalonilemea moyoni. Nikamwambia lipo, nafasi ya tano. Akafikiri nazungumzia mbinguni, akaanza kunifariji kwamba huko hakuna nafasi ya tano. Nikamwambia, "Padre, hiyo ndiyo ligi ninayoitaka."

Sasa malalamiko yangu.

1. Kuhusu jinsi timu zilivyogawanywa. Bwana Morgan alisema tu, "Gawaneni pande mbili." Hakujua anasema na nani. Kwetu Waturkana kila mwanamume huzaliwa Jiwe au Chui. Baba akiwa Jiwe, mwanawe ni Chui, na mjukuu anarudi kuwa Jiwe. Basi tukagawana kama tunavyogawana kwenye karamu ya nyama, na kufumba na kufumbua kila baba akawa anacheza dhidi ya mwanawe. Bwana Morgan alishangaa kuona upande mmoja una mvi na watoto wa shule, na upande wa pili una vijana wote wenye misuli. Sisi hatukushangaa. Wageni nao walihitaji pa kuingia. Mwalimu Kiprop alijitangaza Chui kabla hajaulizwa. Bwana Mureithi wa duka la vifaa vya ujenzi alipoulizwa kama baba yake ni Jiwe au Chui alijibu kwamba baba yake ni Mpresbiteri. Ikaamuliwa kwamba kwa kuwa anauza saruji, ni Jiwe. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba timu yenye mababu, wajukuu na muuza saruji ilistahili kuongezewa muda, na badala yake inapunguziwa mimi.

2. Kuhusu Lochakapong. Huyu ndiye mkubwa wa Mawe uwanjani, na kwa hivyo mpira ukipatikana hupewa yeye kwanza. Akishaupokea, humtafuta aliye wa pili kwa umri, na huyo humtafuta wa tatu. Ndivyo nyama inavyogawanywa na sijawahi kuona nyama ikilalamika. Lakini mwamuzi wa kati hupuliza kipenga na kusema Lochakapong amekaa na mpira. Amekaa nao wapi? Alikuwa akiuliza kwa adabu ni nani alizaliwa mwaka wa ule ukame mkubwa. Naomba sheria itambue kwamba kufikiri si kukaa. Vijana wetu wanajua kucheza haraka, tena sana, lakini mimi mwenyewe nimewasikia wakisema, "Tumruke mzee wetu mbele ya watu?" Timu yenye malezi kama hayo inashindwaje kuingia fainali? Hili nimeliuliza kwa siku nyingi na jibu pekee ninalopewa ni msimamo wa ligi.

3. Kuhusu mwamuzi wa goli la mashariki, ambaye ni mwanangu Amuria. Kitanda changu huwekwa nje, nyuma kabisa ya nguzo zile nne za mkoma. Kutoka hapo naona nguzo mbili na nusu, na mgongo wa mwanangu ndani ya koti jeupe aliloazima kwa muuza nyama. Mpira ukipita kati ya nguzo ndefu, yeye hupunga vitambaa viwili, ni pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya ndefu na fupi, hupunga kimoja, ni pointi moja. Mwenyekiti, Mawe wakipiga, huyu kijana hupunga kitambaa kimoja kama mtu anayefukuza nzi. Yeye ni Chui, kama ilivyo lazima awe, kwa kuwa mimi ndiye niliyemzaa. Asubuhi hunibeba mikononi kunipeleka msalani, taratibu, kama yai. Mchana hunipokonya pointi tano. Nilimpigia kelele kutoka kitandani, "We Amuria! Ule ulikuwa katikati!" Hakugeuka. Alisema tu, "Baba, nyinyi Mawe hata mkifunguliwa mlango mtaingilia dirishani." Watu wakacheka, na mimi, namwomba Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote, mpaka mke wangu Bilha akakimbia kuleta dawa.

4. Kuhusu urefu wa watu wa Kakuma. Kakuma Kambini wana Ajak na Yien, vijana kutoka Sudan Kusini, ambao wakisimama ni lazima uanze kuwasalimia mapema ili salamu iwahi kufika. Sheria inasema mtu akidaka mpira uliopigwa kwa mguu kabla haujagusa chini, anaachwa asimame na kupiga bila kusumbuliwa. Hawa wawili hudaka mpira tukiwa bado tunajadiliana uko wapi. Zaidi ya hayo, Ajak ana binamu Melbourne, na wakati wa mapumziko binamu huyo hupiga simu na kueleza la kufanya. Sisi tumejaribu kutafuta ndugu wa nje wa kutushauri. Tuna mmoja, yuko Eldoret, na alipopokea simu alisema tumsalimie kila mtu. Naomba wachezaji wote wapimwe urefu wakiwa wameketi.

5. Kuhusu habari ninazoletewa. Mawe wakicheza mbali siwezi kwenda, kwa hivyo namtuma Bilha na simu. Nilimwoa mwanamke huyu nikijua ana akili kuliko mimi, lakini katika mechi ya Kalemng'orok nilimpigia kuuliza matokeo akasema, "Chepngetich amejifungua mtoto wa kike, na Mwalimu Maryanne amenenepa kweli." Nikamwambia, "Mama, pointi!" Akasema, "Pointi zipo. Watu wanaokota mipira." Nilikaa hivyo hadi jioni. Moyo wangu, ambao daktari alishauri usishtuliwe, ulipiga kama ngoma ya harusi. Nadai kamati inunue kipaza sauti kinachofika Kanamkemer kutoka popote.

6. Kuhusu namna ya kusoma msimamo. Kamati huusoma kuanzia juu kwenda chini. Katika baraza la wazee wetu, anayesema mwisho ndiye mwenye uzito. Ligi ikisomwa kwa heshima inayostahili, kuanzia chini, Mawe ni wa pili. Kalemng'orok watakuwa mabingwa, najua, lakini nimemtumia nahodha wao ujumbe na amenijibu kwamba hawakuwa na habari kwamba ligi inaendelea.

Baada ya kupima hayo yote kwa haki, naomba kamati yako iamue yafuatayo. Fainali zitoke Septemba zije Jumamosi ya kwanza ya Julai. Zichezwe hapa Kanamkemer, kwenye goli la mashariki tu, ili mimi nisigeuzwe shingo. Mawe waingie wakiwa wenyeji, kwa kuwa si desturi mwenyeji kufungiwa mlango wa karamu yake. Amuria apewe likizo. Na kwa kuwa kuna hatari kwamba tukiingia tutashindwa, naomba tucheze na Kalemng'orok.

Najua utasema, Mzee Ekaale, hizi ni sheria, na wewe ndiwe uliyetufundisha kuheshimu sheria. Ni kweli. Lakini nitakuambia kitu ambacho sikumwambia padre wala daktari. Umri wangu huu, watu huanza kukuletea vitu ambavyo havina kesho: uji, blanketi, salamu. Mawe peke yao ndio walioniletea kitu cha kusubiri. Nikiamka, kabla sijakumbuka kwamba ni mgonjwa, nakumbuka kwamba tunalingana na Katilu. Nakuomba usinihesabie huo kuwa upuuzi. Nimekagua shule mia hivi, nimesoma vitabu vyema, nimesali sana. Sikujua kwamba mtu anaweza kulala chali kitandani, hawezi kujivika kanzu, na bado akashindwa kupata usingizi kwa furaha.

Barua hii inaletwa kwako na Amuria mwenyewe. Ameahidi hataisoma. Namwamini, kwa kuwa ni mwamuzi na kuona si tabia yake.

Nisalimie kamati yote, hata yule katibu aliyesema nimeanza kuweweseka. Nisalimie Bwana Mureithi, umwambie akimbie. Nisalimie Katilu, shamba lao lizae sana mwaka huu ili wawe na kazi nyingi mbali na uwanja. Wasalimie wa Kakuma, wafupi kwa warefu. Nawe ubarikiwe katika nyumba yako na katika busara yako, hasa busara ya mwezi wa Julai.

Nimeandika kwa mkono unaotetemeka na moyo usiotetemeka,

Gabriel Ekaale
Mkaguzi wa Shule (Mstaafu), Jiwe

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha. Bilha amepiga simu kutoka Kakuma. Sikumwelewa mwanzoni kwa sababu alikuwa akipiga vigelegele, na mke wangu si mtu wa kupiga vigelegele tangu harusi ya dada yake. Mawe wamewashinda Kakuma Kambini kwa pointi mbili! Hakutaja mtoto wa mtu yeyote. Muda si muda Amuria akaingia akitoka uwanjani hapa, koti jeupe bado mwilini. Chui nao wamewapiga Katilu. Akasimama mlangoni, akasema, "Baba, sisi watoto wenu tumewapandisha. Mko wa nne." Nikamwuliza ni nani aliyewaomba. Akasema, "Hakuna." Akanikalisha vizuri, akakaa pembeni ya kitanda, na tumecheka pamoja, Jiwe na Chui, mpaka nikalazimika kumwomba aache.

Kwa hivyo, Mwalimu, nafuta yote niliyoandika hapo juu. Fainali zisiguswe. Zibaki Septemba, na kamati ikiona vyema ziende Novemba. Nimelifikiria sana tangu saa kumi na moja. Mkizileta Julai, naweza kuwaona Mawe wakifungwa. Mkiziacha, na mimi nikaondoka Agosti, nitakuwa nimeondoka tukiwa ndani, na hakuna binamu wa Melbourne atakayeweza kunitoa.

Jumamosi ijayo tunacheza na Katilu. Tukifungwa, puuza nyongeza hii na utekeleze barua.