Nimekuja kwa Ajili ya Kiti

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu amehamia kwa dada yake. Kaondoka na sanduku moja, mto wake na redio. Redio! Hapo ndipo nilipojua hatanii. Sharti lake ni moja tu: niende kwa mshauri nasaha, yule aliyefungua chumba juu ya duka la fotokopi, ndipo arudi. Anasema tangu kaka yangu afariki, miezi minane sasa, nyumbani sisemi ila "mm", na hiyo nayo naitoa kwa shida.

Nikamwambia siri ya mtungi aijuaye kata. Mtu baki aliyesoma vitabu atajua nini kuhusu mimi? Akanijibu kwamba yeye ndiye kata, na miezi minane hajachota kitu.

Halafu kule wanakwenda wenye matatizo. Mimi ni fundi makochi. Nina kazi, nina afya, nina meno yangu yote. Nimechoka tu.

Ila nakiri kuna jambo linanitekenya. Watu hupanda zile ngazi wamekunja nyuso. Baada ya saa moja wanashuka wanapiga miayo, kama waliotoka kulala. Humo ndani wanafanywa nini?

Jumanne, 4 Machi
Bahati ya mtende! Mshauri mwenyewe kaja karakana. Mama wa makamo, mpole, ana kiti kimoja anataka kivishwe kitambaa kipya. Nikapokea kwa mikono miwili. Mpango ukajipanga wenyewe kichwani: nitapanda ngazi na kiti begani. Mwenye fotokopi, ambaye mdomo wake hauna mlango, ataona fundi, hataona mgonjwa. Mke wangu atasikia nimeonekana nikiingia. Kila mtu atapata anachotaka, nami sitafungua kinywa.

Kwa usalama nimelegeza springi moja. Ikilia, nitaitwa tena.

Jumatano, 5 Machi
Nimepeleka kiti. Nilitarajia kitanda, mashine, walau picha ya ubongo ukutani. Wapi! Viti viwili, meza ndogo, saa, boksi la tishu, pazia la kijani. Basi. Hata mimi ningeweza kufungua.

Nikamwambia ni desturi ya ufundi kukijaribu kiti mbele ya mwenyewe. Nikakaa. Springi ikalia. Naye akakaa kwenye kile kingine, akanyamaza. Nikangoja aseme. Hakusema. Dakika kumi! Sijawahi kuona mtu anayejua kunyamaza namna ile.

Nikamtega. Nikauliza, kwa upole, kama mwenye fotokopi naye huja, maana nasikia haelewani na mama mkwe wake. Akasema hawezi kusema nani huja wala nani haji. Nikazungukia mlango wa nyuma: na mwalimu wa hesabu je? Na dereva wa lori la maji? Jibu lile lile, tabasamu lile lile. Nikampenda bure. Nikamwomba nami asinitaje kwa mtu yeyote, hata kwa mke wangu, ingawa mimi nimekuja kwa ajili ya kiti. Akakubali.

Alhamisi, 6 Machi
Kaniita. Springi inalia. Nikajifanya kushangaa.

Kabla sijatoa nyundo, akapitisha kidole kwenye kitambaa. Akasema kulia kimekaza vizuri, kushoto kimelegea, kama pamekosa mtu wa kuvuta. Halafu akauliza, "Upande huu zamani alikuwa anashika nani?"

Kitambaa cha kochi huvutwa na watu wawili. Mmoja huku, mwingine kule. Kaka alishika kushoto miaka kumi na tisa. Tangu aondoke navuta peke yangu, kwa goti na meno. Wateja wanalalamika. Kuajiri mtu nimekataa. Upande ule una mwenyewe.

Nilitaka kumweleza hayo tu, kiufundi, kwa kifupi. Sijui ilikuwaje, nikajikuta nasimulia siku ya msiba. Nilivyokimbia huku na huku kutafuta viti vya waombolezaji, mtaa kwa mtaa, mpaka kaburi likafukiwa nami niko mlangoni kwa watu naomba viti. Sikupata nafasi ya kulia. Leo nimeipata. Boksi zima la tishu! Nikamwambia ni vumbi la sponji. Akasema sawa.

Kaka yangu namkosa. Haya, nimeandika.

Nimeshuka ngazi napiga miayo.

Ijumaa, 7 Machi
Nikampigia mke wangu simu. Nimekwenda! Arudi! Akasema njia ya mwongo ni fupi, atahakikisha kwanza. Akampigia mshauri. Mshauri akamjibu hawezi kusema nani huja wala nani haji.

Mke wangu aliponipigia kunipa jibu hilo, shemeji, yule dada yake, ambaye hajanisamehe tangu nilipovunja kiti chao siku ya posa, akadakia simu na kutangaza kwamba hiyo maana yake sijakanyaga. Nikakimbilia kwa mwenye fotokopi awe shahidi wangu. Akaapa kaniona kwa macho yake: juzi na kiti, jana na nyundo. Akanipa hongera kwa kuchapa kazi.

Nikapanda kumwomba mshauri aniandikie japo mstari mmoja. Akasema inawezekana, mradi nitie sahihi ya ruhusa kwenye fomu. Juu ya fomu pameandikwa "Mteja". Mteja! Nikamkumbusha kwamba fundi ni mimi, mteja ni yeye. Nikashuka bila karatasi.

Sasa naogopa. Nyumba imepoa. Asiporudi, sijui nitaishije, na aliyenifikisha hapa ni mimi mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kaja karakana kuniambia ana kwa ana kwamba mimi ni mwongo. Kanikuta goti juu ya kochi, kitambaa mdomoni. Mtu hawezi kujitetea na kitambaa mdomoni. Nikakitoa. Nilikuwa na utetezi mrefu tayari. Badala yake nikasema, "Mke wangu, nishikie huko kushoto."

Anajua nimemfukuza kila aliyegusa upande ule, yeye akiwa wa kwanza. Akaweka mkoba chini, akashika. Nikamwambia kaka alikuwa akivuta huku anapiga mluzi, mluzi wenyewe mbovu, hauna mbele wala nyuma, na kwamba ukimya wa karakana hii unaniua. Yeye machozi yanamtiririka, lakini kitambaa hakukilegeza hata kidogo. Mwanamke hodari!

Jioni karudi na sanduku, mto na redio. Habari za ushahidi hakuuliza tena.

Jumapili, 9 Machi
Nyumba ina kelele. Raha tupu.

Mke wangu ananiuliza kama nitaendelea kwenda. Nikamuuliza, kwenda wapi? Mimi sijawahi kwenda kwenye ushauri nasaha. Nilipeleka kiti. Nimepona mwenyewe, kwa akili zangu. Akacheka mpaka akakaa chini, sijui kwa nini.

Shemeji naye kapiga simu. Tangu wanawe wahame hapati usingizi, anafikiria kumwona yule mshauri. Nikamwambia asithubutu. Kule ni kwa watu wenye matatizo.

Jumatano saa nne nitapita pale kumweleza mshauri jinsi nilivyopona bila msaada wa mtu. Itachukua kama saa moja. Habari yenyewe ni ndefu, kwa hiyo nimemwomba anitengee na Jumatano tatu zinazofuata.