Mwalimu Mkuu, Naomba Nirudishiwe Mlango na Mama Mkwe

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ya hapa mtaani kwetu.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

YAH: VYOMBO VYANGU KUGEUZWA ZANA ZA KUFUNDISHIA

Pole na kazi, na pole na makelele ya watoto. Mimi ni mke wa mwalimu wako wa darasa la tano, yule ambaye wanafunzi wanamwita Mwalimu Mbwembwe na ambaye wewe, nasikia, unamwita kwa kuguna tu. Kazi yangu ni ushonaji, na ninashonea sebuleni. Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu viti vyangu viko kwako.

Naomba nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na elimu. Nilipoolewa na mwalimu nilijua fika kwamba sitakula kuku kwa mrija. Nilijiandaa kwa madaftari juu ya meza ya chakula na chaki mifukoni siku ya kufua. Ila hakuna aliyenidokeza kwamba nyumba yangu itahamia darasani kipande kwa kipande, nami nibaki nikitazamana na kuta. Basi naomba nipange malalamiko yangu kwa nambari, kama mume wangu anavyowafundisha watoto wako.

1. Sufuria. Mambo yalianza kidogo kidogo. Mume wangu alisema watoto hawaelewi ujazo, maana mchemraba wa kitabuni umelala bapa, na kitabu chenyewe kinagombaniwa na watoto wanane. Akaomba sufuria moja. Nikampa. Kesho yake akaomba ya pili, kwamba ya kwanza haina ya kulinganishwa nayo. Keshokutwa yake sikuombwa tena, nilikuta tu rafuni imebaki sufuria moja. Wiki nzima nilipika wali, nikautoa, nikaosha sufuria, nikapika mboga, na mboga ilipoiva wali ulikuwa umeshapoa. Nilipolalamika, binti yangu mkubwa akanituliza: "Lakini mama, si sasa unajua lita moja ni kiasi gani?" Nilikuwa najua tangu zamani, Mwalimu Mkuu. Mimi ndiye ninayenunua mafuta.

2. Saa ya ukutani. Ilikwenda kufundisha robo na nusu, ikarudi bila mishale. Hapa sina la kuongeza.

3. Mlango wa chumbani. Ubao wa darasa la tano, kwa maelezo ya mume wangu, umetoboka katikati, kiasi kwamba ukiandika neno refu herufi mbili zinatumbukia shimoni. Alikuomba ubao mpya. Ukamjibu kwamba mwalimu mzuri ni yule aliye mbunifu. Laiti ungemjibu neno lingine lolote! Ungemtukana, angenuna siku mbili yakaisha. Jumamosi nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameng'oa bawaba zote, ameulaza mlango wa chumba chetu sebuleni, anaupaka rangi nyeusi huku akipiga mluzi.

"Na sisi tutalala wapi?" nikamuuliza.

"Mke wangu," akasema bila kuinua brashi, "kwani mtu analalia mlango?"

Tangu siku hiyo tumetundika pazia. Mwalimu Mkuu, wewe ni mtu mzima mwenye ndoa yako, sihitaji kukueleza kwamba watoto hawapigi hodi kwenye pazia.

4. Sanamu yangu ya kuvalishia nguo, ile ya kiwiliwili kisicho na kichwa. Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni. Aliibeba begani kwa ajili ya somo la mmeng'enyo wa chakula, akaniapia kwamba ingerudi kama ilivyoondoka. Ikarudi Ijumaa imechorwa kwa rangi isiyofutika: koo, tumbo, ini, na utumbo mwembamba uliozunguka hadi mgongoni kwa kuwa mbele nafasi ilikuwa imekwisha. Kila kiungo kimeandikwa jina lake, na bandama jina lake limekosewa.

Mimi sikuwa na habari. Ilikuwa imefunikwa shuka. Asubuhi yake akaja mteja wangu anayetarajia kuolewa, kuliona gauni lake kwa mara ya kwanza. Mama mkwe ndiye aliyeivisha sanamu gauni alfajiri ili kunisaidia, akairudishia shuka bila kunidokeza. Gauni la kitambaa cheupe, chepesi, kinachopitisha mwanga. Nikaivuta ile shuka kwa maringo yote ya fundi aliyeridhika na kazi yake. Bibi harusi akatazama kifuani, macho yakashuka, yakashuka tena, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hiyo ni kongosho?"

Ilikuwa kongosho. Amekwenda kushonewa kwingine. Na Jumatatu sanamu ikarudi shuleni, kwa sababu walikuwa hawajafika kwenye figo.

5. Mama mkwe mwenyewe. Hii naiandika haraka kabla hajarudi. Kitabu cha darasa la tano kinasema watoto wamhoji mtu mzima wa mtaani kwao. Mume wangu, badala ya kumtafuta mtu wa mtaani, akamchukua mama yake mzazi, ambaye tunaishi naye na ambaye hunishikia mtoto mdogo ninaposhona. Alikwenda kwa kipindi kimoja. Sasa ana ratiba.

Inasemekana watoto walimuuliza mambo ambayo sisi nyumbani hatujawahi kumuuliza: alipokuwa mdogo alitaka kuwa nani, aliogopa nini, na kwa nini alimkubali babu akamwacha yule mwingine. Yule mwingine! Nimekula naye sahani moja miaka yote hii, sikujua kulikuwa na yule mwingine. Siku hizi anatoka asubuhi kabla hata ya mwanawe, mkoba kwapani, na nikimwambia mtoto analia ananijibu, "Mbebe mgongoni, mwanangu, mimi nina kipindi cha pili." Jioni ananisahihisha Kiswahili. Juzi nimesema mkate imeisha, akanishikia kijiko hewani mpaka nikarudia inavyotakiwa.

6. Kupotezewa muda wa kazi ndani ya eneo la shule. Jumatano nilisema potelea mbali, nikambeba mtoto mgongoni, nikaja kuichukua sanamu yangu kwa nguvu. Nilipofika darasani nikakuta madirisha hayana vioo, nusu ya watoto wamekaa sakafuni, viti vyangu viko mstari wa mbele na mlango wangu umeegemezwa ukutani umejaa maandishi. Mbele ya sanamu amesimama msichana wanayemwita Kimya. Anaitwa hivyo kwa sababu tangu ahamie shule hii hajawahi kutoa sauti; hata jina lake likiitwa anainua kidole tu. Mkononi ameshika rula yangu ya kukatia nguo.

Nikasema kwa sauti ya mtu aliyekuja kugombana, "Naomba sanamu yangu."

Yule mtoto akanigeukia. "Samahani, mama. Subiri kidogo. Chakula hakijafika utumbo mpana."

Darasa zima likamgeukia Kimya. Mume wangu alikuwa nyuma kabisa, anaitazama dari kama mtu aliyeingiwa na vumbi la chaki machoni. Mimi nikakaa. Nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, Mwalimu Mkuu, nikasubiri chakula kifike, kikafika, kikaendelea na safari yake hadi mwisho, watoto wakapiga makofi, na nikajikuta na mimi napiga. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na suruali ya mteja haijakatwa.

Njiani nilipita ofisini kwako, hukuwepo. Nikaliona lile kabati la kioo. Ndani kuna kiwiliwili cha plastiki ambacho ini lake linatoka na kurudi, bado kimo ndani ya nailoni yake. Nikamuuliza karani mbona hakitumiki. Akasema, "Watoto watakiharibu." Nilimwelewa kabisa. Hata mimi nilisema hivyo hivyo kuhusu cha kwangu, ila mimi sikuwa na kufuli.

Kwa hayo machache, naomba umwamuru mume wangu afundishe kama walimu wengine: chaki na mdomo, basi. Vyombo vyangu virudi vyote. Mama mkwe astaafishwe kwa heshima zinazomstahili.

Nisalimie walimu wote, karani wako, mlinzi wa geti, na hasa mume wa mwalimu wa darasa la nne, ambaye nasikia bado ana viti.

Wako katika nyumba inayopitisha upepo,
Mke wa Mwalimu wa Darasa la Tano.

N.B. Nilikuwa navaa viatu niilete barua hii, mume wangu akaingia na mkokoteni. Kumbe leo umetoa agizo bila hata kusubiri kuombwa: mwalimu yeyote asilete shuleni kitu cha nyumbani. Vyote vimerudi. Mlango ameupachika mwenyewe, kimya kimya. Mama mkwe amempokea mtoto, akakaa dirishani, hajamsahihisha mtu. Mume wangu amefungua kitabu cha kiada na ananakili somo la kesho neno kwa neno, na tangu aingie hajapiga mluzi hata kidogo. Nimekaa na watu hawa tangu adhuhuri, Mwalimu Mkuu, na nimeshindwa kuvumilia.

Kwa hiyo barua hii ihesabu kama hukuipata. Agizo lako nimelisoma mara mbili. Linasema mwalimu asilete. Mke wa mwalimu halimtaji popote. Nitafika kesho asubuhi na mzigo wote, nausukuma mwenyewe. Tafadhali mwambie mlinzi afungue geti kubwa, maana darasa la tano wanaanza huduma ya kwanza, na kitanda chetu hakipiti kwenye geti dogo.