Jina Langu Ndani ya Pochi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa kadi mpya ya benki. Bapa! Laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Ya zamani ilikuwa na nundu: nambari zimeinuka, jina langu limeinuka, unalisoma kwa kidole hata umeme ukikatika. Miaka minne nimeiweka kwenye kaunta za watu kwa madaha. Hii mpya jina limechapwa kwa wino tu, tena upande wa nyuma, kama la mtu aliyechelewa kufika.

Nimekwenda kulalamika. Karani wa benki akanieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba pesa ni zile zile na kadi zote mbili zinafanya kazi ile ile. Nundu ziliwekwa kwa ajili ya mashine za zamani, zile za kulaza karatasi ya kaboni juu ya kadi na kuisugua mpaka nambari zijichape. Siku hizi mashine inasoma kile kipande kinachong'aa, basi. Nikamwambia nundu zina kazi ya heshima. Akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Kadi ya zamani akataka niirudishe ikatwe. Nikasema nimeisahau nyumbani. Ilikuwa mfukoni.

Jioni nikamsimulia Mjuaji. Huyu tunauza naye magodoro na tumepanga naye chumba kimoja, na hakuna jambo asilolijua. Akasema nishukuru. Kadi ya nundu ni hatari, inaacha alama popote inapolala. Hasa kwenye ngozi ya pochi. Jina na nambari, vyote.

Nikacheka. Halafu nikakumbuka pochi yangu iko wapi.

Mungu wangu!

Jumanne, 5 Machi

Sijalala. Niandike nipumue.

Jumapili nilimpelekea zawadi baba wa mchumba wangu. Pochi ya ngozi. Nilisema ni mpya, nimeiagiza maalumu kwa ajili yake. Kweli ni kwamba nimeikalia miaka minne. Niliipaka rangi ya viatu, nikaifunga kwa karatasi ya kumetameta, ikatoka bi harusi.

Na mzee mwenyewe ni mkaguzi wa mizani! Anazunguka madukani na mawe yake ya kupimia. Wauza sukari wakimwona wanakumbuka dua za utotoni. Anasema duniani anachukia kitu kimoja tu: mtu anayeuza kitu kwa sifa kisichonacho. Jumapili ijayo ndiyo siku ya kunijibu kama ananipa binti yake au hanipi.

Nimefanya jaribio. Pengine Mjuaji ameongeza chumvi. Nimeiweka kadi ya nundu mfuko wa nyuma, suruali nyepesi, nikakaa juu yake kutwa nzima nikiwashauri wateja kuhusu migongo yao. Jioni bafuni nikajitazama kwa kioo. Jina langu lote, kwenye kalio. Kwa kioo linasomeka vizuri sana.

Kama nyama imeandikika kwa siku moja, ngozi kwa miaka minne? Ninaogopa. Nasema wazi: ninaogopa.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu ya kwanza. Nikaenda kwao, nikamwambia mzee kwamba pochi za aina ile hupakwa mafuta maalumu wiki ya kwanza, anipe nikaipake. Akanishukuru. Akasema asihangaike mtoto wa watu, mafuta ya ngozi anayo, ataipaka mwenyewe, ndani na nje, polepole, kwa kidole.

Kwa kidole!

Mchumba wangu aliponisindikiza akauliza kwa nini shati limelowa mgongoni. Nikasema joto. Akasema yeye amevaa sweta. Nikamwambia kila mtu na mwili wake.

Alhamisi, 7 Machi

Mbinu ya pili: wizi. Lakini kuchukua kilichokuwa chako si wizi, ni marekebisho.

Mzee alikuwa anaoga. Koti lake limetundikwa ukumbini. Nikatia mkono, nikaigusa pochi, nikapitisha dole gumba ndani ya mkunjo. Nililikuta jina langu. Herufi kwa herufi, limetulia, linanisubiri. Hapo hapo mama mkwe akatokea na beseni.

Nikaanza kulipangusa koti. Nikasema nimeona vumbi, nisingeweza kuvumilia. Mama mkwe alifurahi mpaka akaweka beseni chini. Akasema kijana msafi namna hii hajapata kumwona, akaniletea brashi. Na makoti mengine manne. Na kofia. Akaniomba nije Jumamosi nimalizie ya baridi.

Nimerudi mikono mitupu na vumbi puani. Mjuaji ameniuliza kama pochi imepatikana. Namchukia.

Ijumaa, 8 Machi

Leo angalau nimeziba tundu moja. Nimempelekea karani kadi ya nundu, nikamwomba aifute kabisa, yeyote atakayezipata nambari zile asifaidi chochote. Akasema ilikuwa imekwisha kufutwa tangu Jumatatu niliposaini mpya. Kwa hiyo hofu ya wezi nilikuwa naila bure! Akaikata kwa mkasi mbele yangu, katikati ya jina. Nimeumia kuliko nilivyotarajia.

Nambari zimekufa. Aibu iko hai. Nimenunua pochi mpya, rangi ile ile, mshono ule ule. Muuzaji akauliza kama ni zawadi. Nikamwambia ni wokovu.

Jumamosi, 9 Machi

NIMEFAULU!

Nilikwenda na brashi yangu mwenyewe. Mama mkwe akanikabidhi makoti yote akaenda jikoni. Nikachomoa pochi ya zamani kwenye koti la mzee, nikatumbukiza mpya. Kufumba na kufumbua. Mzee akapita, nikamwamkia, akanitazama kidogo zaidi ya kawaida, akaenda zake. Brashi haikusimama.

Nimefika nyumbani naimba.

(Baadaye.) Nimeifungua. Ina vitu! Kitambulisho cha mzee. Kibali chake cha ukaguzi, na picha yake amenikazia macho. Kadi yake ya benki, bapa, hata jina haina. Mtu mzito kama yule! Nimemwachia pochi tupu, mimi nimeondoka na maisha yake yote.

Sasa ndiyo nimekuwa mwizi kwelikweli. Nilitaka kuficha moshi, nimechoma nyumba.

Jumapili, 10 Machi

Nilikwenda nikiwa na pochi ya zamani ndani ya soksi. Nilipanga kuirudisha kimyakimya. Sikupata hata nafasi ya kuinama. Mzee alikuwa ameketi, pochi mpya mezani mbele yake, imefunguliwa, haina kitu.

Akasema aanze na jibu. Jibu lilikuwa ndiyo.

Lilikuwa! Akaeleza kwamba jina langu alilisoma kwa kidole usiku ule ule wa zawadi. Alijua siyo mpya. Akasema hata mizani nzuri huruhusiwa kasoro ya gramu chache, na uongo wa kijana mwenye haya aliuhesabu humo. Kilichomgusa ni kwamba nimempa pochi niliyoibeba mwenyewe, si ya kwenda kuokota dukani. Alikuwa anamwonyesha kila mtu kazini lile jina. Anasema, huyu ndiye mwanangu. Mama mkwe akafuta machozi. Na mimi nilitaka kulia, kwa sababu kisigino kilikuwa kinanichoma.

Kisha akaniinamia. Akauliza ni mwizi gani anayeiba pochi kuukuu akaacha mpya. Aliuliza taratibu sana. Sasa naona alikuwa ananifungulia mlango.

Mdomo wangu ukamwambia nilimwona mtu getini jana. Mzee akataka kujua yukoje. Mdomo ukaendelea: mrefu, ndevu nyekundu za hina, anachechemea mguu wa kushoto.

Nje mchumba wangu akanishika mkono. Akasema anaiona soksi yangu imevimba. Akasema, rudi ndani sasa hivi, mpe, mwambie kila kitu, baba atacheka na mambo yataisha. Nikamwambia ukweli ni kitu kizuri sana lakini unataka maandalizi. Akauachia mkono wangu. Hakunisindikiza.

Nampenda. Nikimkosa sijui nitafanya nini. Ndiyo maana lazima nilifanye jambo hili kwa akili.

Tatizo ni moja dogo. Kuelezea sura ya mtu ambaye hayupo ni kazi ngumu, na nilikuwa na haraka, basi nikaazima sura ya karibu. Mjuaji ni mrefu. Mjuaji anachechemea. Ndevu za Mjuaji zinaonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Na mzee ameniambia kesho saa mbili asubuhi anakuja kukagua mizani ya duka jirani, atapita kwetu aone ninapofanyia kazi.

Nimemsihi Mjuaji apumzike kesho. Amekataa. Anasema hawezi kukosa kumwona baba mkwe wangu.

Mguu sina la kuufanya. Urefu pia. Lakini amelala tangu magharibi, chali, mdomo wazi, na usingizi wake ni mzito. Wembe ninao.