Kwa Wavulana ni Mwiko

Jumamosi, 22 Novemba
Msiba! Mjukuu wangu Jorrit, miaka mitano, amekata picha kwenye kitabu cha matangazo akaibandika kwenye barua yake kwa Mtakatifu Nikola, anayewaletea watoto zawadi kila tarehe 5 Desemba. Nilitazamia trekta. Wapi! Kigari cha mwanasesere. Cha waridi, chenye kipaa cha kukunja! Mwanasesere anaye tayari, Pien, na bila huyo mtoto halali. Binti yangu Hiske, mama wa mtoto, anasema ni chaguo zuri sana. Babu mwenzangu Evert, baba wa mkwe wangu, kajitia kuahidi kitanda cha Pien, atakachokitengeneza kwa mikono yake. Mnafiki! Anataka kunipiku tu. Mimi nina Jumatano, shule hufungwa adhuhuri na mtoto huja kwangu. Evert hana siku. Gere inamla.

Samaki mkunje angali mbichi. Nina mpango.

Jumatano, 26 Novemba
Jorrit ameweka mbele ya jiko langu kiatu cha kutiliwa zawadi na Mtakatifu, karoti ndani kwa ajili ya farasi wa Mtakatifu. Akaimba nyimbo zote, hata ile ndefu. Alipotoka kulisha kuku, nikaingia kazini. Karoti mfukoni mwangu. Kiatuni, trekta ndogo ya bati na shairi, maana zawadi ya Mtakatifu bila shairi si zawadi. Siku tatu nimelitunga! Nimeliandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko usijulikane.

Jorrit, twaa hii trekta, ulime shambani mwako,
Kigari cha wasichana, kwa wavulana ni mwiko.

Nikamsomea kwa madaha. Akauliza kama Mtakatifu huwa anakosea. Nikajibu, kamwe! Hajakosea tangu dunia iumbwe. Trekta hakuigusa. Atazoea.

Ijumaa, 28 Novemba
Simu ya Hiske. Hakunisalimu. Nikajua maji yamezidi unga.

Jorrit amemtia Pien kwenye mfuko akampelekea binti wa jirani, maana ni mwiko. Usiku halali. Jana kauliza kama mvulana anaruhusiwa kumbeba paka. Nikajifanya kushangaa, nikasema Mtakatifu ana mambo yake. Hiske akaniuliza tangu lini Mtakatifu anaandika nyuma ya bili ya maji yenye jina langu.

Lo!

Kasema nirekebishe kabla gunia la zawadi halijafunguliwa, Ijumaa ijayo. Na nisithubutu kumwambia mtoto kwamba Mtakatifu ni babu yake. Nikishindwa, Jumatano zote zinakwenda kwa Evert. “Sitanii, Baba.” Akakata.

Jumatano zangu! Tangu mama yake Hiske afariki, wiki yangu haina siku nyingine.

Jumatano, 3 Desemba
Jorrit kaja. Kakaa kitini, mikono mapajani, kama mgeni. Nikamwomba akoroge unga wa chapati za maji, kazi yake siku zote. Akauliza kwanza kama Mtakatifu anaona.

Nikamuuliza kile kigari alikitakia nini. Akasema alitaka kumtembeza Pien juu ya tuta la kuzuia bahari, kama mimi nilivyomtembeza yeye alipokuwa mchanga, kila siku, hata mvua ikinyesha. Nikatoka uani nikalia. Kuku peke yao ndio walioniona.

Nimeandika shairi la pili: Mtakatifu amezeeka, alisahau miwani. Nikalichana. Nilishasema hakosei kamwe! Nimekalia kuti kavu.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimekwenda kwa binti wa jirani kumkomboa Pien. Nikampa chokoleti. Hataki. Anataka ile trekta ya bati iliyobaki kwangu. Nikampa! Sina pa kukimbilia.

Ijumaa, 5 Desemba
Jioni, nyumbani kwa Hiske. Mlango ukagongwa kwa kishindo, gunia la zawadi kizingitini. Kwanza kitanda cha Evert, kimepigwa msasa hadi kinang’aa. Jorrit akakisukuma kando. Kisha kigari. Akarudi nyuma hadi ukutani. Kwa sauti ndogo akasema hakigusi, Mtakatifu anamjaribu.

Hiske alinitazama. Evert alitabasamu, nami nikaziona Jumatano zangu zikipanda gari lake.

Nikasimama. Nikamtia Pien kigarini, nikasukuma. Nikazunguka meza, mgongo umepinda maana mpini unaishia magotini, nikiimba wimbo wa kubembeleza. Evert akatoa simu akaanza kunirekodi! Mzunguko wa kwanza, mtoto bado ukutani. Wa pili, jasho. Wa tatu, nikaenda kwenye dohani, ndiko Mtakatifu husikilizia watoto, nikapaza sauti: Mtakatifu, kama kweli ni mwiko, nitie mimi ndani ya gunia unipeleke kwako Uhispania pamoja na watoto watukutu!

Tukangoja. Jorrit akaja akatega sikio kwenye dohani. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Hakuna aliyekuja.

Nikaendelea kusukuma, nikaligonga kabati. Jorrit akanirukia. “Babu, unamgonga kichwa! Hebu nipe, wewe hujui!” Akashika mpini. Akamfunika Pien hadi kidevuni. Hakuuachia mpini tena hadi wakati wa kulala.

Hiske kasema Jumatano zimebaki. Nikala biskuti za viungo kumi na nne.

Jumamosi, 6 Desemba
Tumemtembeza Pien juu ya tuta. Upepo, mvua ya mawe! Nilimkazia macho kila mpita njia, athubutu kucheka. Hakuna aliyethubutu. Mimi ni babu wa kisasa, Evert na kitanda chake wajipange.

Tukiwa njiani kurudi, Jorrit kasema siku yake ya kuzaliwa, Januari, anataka viatu vya kutelezea kwenye barafu. Nikambeba juu juu! Damu yangu hiyo! Nikaanza kumpangia mazoezi ya mbio. Akanirekebisha: vyeupe, vya kuchezea densi. Pamoja na kisketi kinachopepea.

Kigari, sawa. Mwanasesere, sawa. Lakini Mfrisia, mzaliwa wa mbio za barafu, kuzunguka kama pia mahali pamoja, na barafu yote ile mbele yake? Abadani! Hiske hana haja ya kujua. Safari hii barua itatoka kwa msimamizi wa barafu mwenyewe, yule anayepima unene wake, yenye sahihi na muhuri. Mtoto ataiamini. Ana miaka mitano tu.