Mzee Wendelin na Mchi wa Uani

Mzee Wendelin ndiye mwanamume wa kwanza bonde zima la Kilombero kupandwa na joto la wanawake waliokoma hedhi. Hilo hakulitangaza. Alilotangaza ni kwamba wakati wa Maji Maji alivusha askari thelathini wa Mdachi na mzinga wao mtoni kwa mtumbwi wake, kwa pondo moja ya kusukumia na pumzi moja. Kila mwaka askari waliongezeka. Pumzi ilibaki ile ile.

Miaka mingi baada ya vita hivyo, mkojo wake ukaanza kutoka kwa matone kama paa bovu. Bibi Digna, mganga wa Lumemo, akambonyeza tumbo, akasema bila kuficha:

"Una uvimbe chini ya kibofu, babu. Unakula nguvu zako za kiume. Mizizi yangu itaunyima chakula, ila na wewe utanyimwa pamoja nao."

"Mimi? Niliyevusha mzinga?"

"Utatoka jasho, mikono itakuwa uji. Dawa usiache. Kila siku nyanyua kitu kizito, pumzika, nyanyua tena. Ukikizoea, ongeza uzito."

Miezi miwili baadaye mkojo ulitiririka vizuri, na mikono ilikuwa uji kweli. Leodegar, msimamizi wa kivuko, akaona haya kumfukuza mzee, akasema maji yakipungua atamjaribu mara moja tu. Akishindwa, pondo inakwenda kwa kijana. Wendelin bila pondo, si bora afukiwe?

Lakini anyanyue nini? Mawe, mgongo ulikataa. Gogo lilimwangukia kidole.

"Uani kuna mchi," alisema mkewe, Tekla.

"Kutwanga ni kazi ya wanawake."

"Mume wangu, ua wenyewe wa matete. Nani atakuona?"

Basi kila alfajiri mzee akajifungia uani akatwanga mpunga. Mapigo kumi, anapumzika. Kumi na tano. Kisha mchi mzito zaidi. Tekla akakaa pembeni akisuka ukili, na majirani waliosikia kishindo wakamsifu mama wa watu, anatwanga kama watatu.

Siku ya jaribio mtumbwi ulijaa magunia ya chumvi na wanawake wanne majirani wa Katindiuka waendao msibani ng'ambo. Wendelin akachomeka pondo, akasukuma. Mtumbwi ukaruka mbele kama umeng'atwa. Leodegar mwenyewe akainua nyusi.

Mzee akanogewa. Katikati ya mto mwili ukajisahau: akainua pondo wima, akaishindilia chini, akaiachia, akapiga makofi mawili, kama wafanyavyo wanawake wakiuachia mchi kinu kikichangamka, kisha akanyoosha mkono aidake.

Pondo ilikuwa nyuma, imenasa matopeni, inazidi kuwa mbali.

Serafina, mmoja wa wale wanawake, ndiye aliyesema, taratibu kabisa:

"Kumbe anayetwanga kwa Tekla ni wewe, babu."

Mkondo ukawachukua hadi kwenye matete, wanacheka njia nzima.

"Nguvu unazo, mzee wangu," alisema Leodegar akijifuta machozi. "Pondo sikupi."

Walipotoka msibani, Serafina na wenzake wakafika kwa mzee na vikapu vinne vya mpunga.

"Shikamoo, babu. Jumamosi tuna harusi."

Wendelin akaangalia njiani, hakuna mtu. Mizizi bado alikuwa akiinywa, na mikono haikutakiwa kulala. Akachota punje, akaiuma, akakunja uso.

"Nani kaanika mpunga huu?" aliuliza. "Una unyevu. Urudisheni juani kwanza. Mimi mchele wangu hautoki chenga."